Shusha Kwanza: Mtihani wa Muziki ya Nyumbani

Mu lupango yetu, mlango wa pili, anakaa mama mmoja mwuguzi. Anafanya zamu ya usiku ku lopitali, kwa hiyo analala wakati siye wengine tunaamka. Siku moja ya posho, saa tatu ya asubuhi, akanigongea mlango. Hakuwa na hasira. Alikuwa amechoka tu, kitenge kichwani, macho mekundu. Akasema:

«Mwanangu, mi sikatazi muziki. Lakini njo nimetoka ku kazi sasa, na ile ndu-ndu-ndu yako inaniingia mpaka mu mto. Nitalala saa ngapi?»

Nikamwambia, «Mama, unisamehe.» Nikashusha.

Nilishusha, na muziki ikakufa. Ilikuwa rumba, yenye nilikuwa naijua tangu utoto. Lakini kwa sauti ile ya pole ilibaki paka tsi-tsi-tsi ya sahani za ngoma, na mwimbaji kama anaimba ndani ya chupa. Besi ilipotea. Magitaa matatu yakawa kama gitaa moja yenye kukosa nyama. Nikazima kabisa, nikakaa kimya, nikawaza vile wengi wetu tunawaza: mashini yangu ni ndogo.

Nyuma ya miezi mitatu nikapata kazi ya muda mfupi, na mshahara wa kwanza nikaununulia sanduku kubwa la muziki lenye taa za rangi na kibandiko cha 3000 W. Muuzaji alilipigisha pale sokoni mpaka kifua changu kikatetemeka. Nikalipa bila kuuliza swali. Usiku nikaliwasha mu chumba, kwa sauti ya pole. Ile tsi-tsi-tsi ilikuwa pale pale, ila sasa ilikuwa na taa za rangi.

Tangu hapo njo nilianza kuelewa kosa langu, na nafikiri siko peke yangu. Tunachagua mashini kwa kuipandisha, kumbe siku nyingi za mwaka tutaisikiliza imeshushwa: usiku, mu chumba cha kupanga, watu wamelala upande wa pili wa ukuta. Mashini yenye kupigwa kwa nguvu inaficha makosa yake. Ukiishusha, inasema kweli. Hiyo njo hoja yangu leo: ukitaka kujua thamani ya mashini, au hata ya namna wimbo ulivyorekodiwa, shusha kwanza.

Tuanze na sikio, kwa sababu kosa la kwanza haliko mu mashini.

Sikio letu halipimi sauti zote kwa haki. Sauti za katikati, zile za maneno ya mtu na kilio cha mtoto, linazikamata haraka. Sauti nene linazikamata kwa shida, na shida hiyo inazidi kadiri muziki inavyoshuka. Mwaka 1933 watafiti wawili wa maabara ya Bell huko Marekani, Harvey Fletcher na Wilden Munson, walitangaza vipimo vya jambo hilo. Walisikilizisha watu sauti nene na nyembamba, wakitafuta ni wakati gani mtu anasema: hizi mbili zina nguvu sawa. Kazi hiyo ilirudiwa na wengine mara nyingi, na leo matokeo yake yako katika kanuni ya kimataifa ya ISO namba 226, yenye ilirekebishwa mwaka 2003 na tena 2023.

Tufanye hesabu kidogo, haitaumiza mtu. Chukua sauti ya katikati, hezi 1000, kwa desibeli 80. Hiyo ni nguvu ya karamu ndogo. Ili besi ya hezi 100 isikike na nguvu sawa nayo, inadai karibu desibeli 92. Sasa shusha mpaka sauti ya katikati ibaki na desibeli 40, sauti ya usiku kabisa. Hapo besi ya hezi 100 inadai karibu 64. Unaona? Ya katikati imeshuka 40, lakini besi ilipaswa kushuka 28 tu. Kifungo cha sauti hakijui hesabu hiyo. Kinashusha vyote 40 sawasawa. Besi inabaki na 52 wakati sikio linadai 64, na pengo ni desibeli 12. Kwa umeme, desibeli 12 ni karibu mara 16 ya nguvu. Na hezi 100 haijafika hata chini ya besi: kamba nene ya gitaa ya besi inatoa hezi 41, na huko pengo ni kubwa zaidi.

Kwa hiyo siku ile mama alipogonga, muziki yangu haikuharibika. Ni mimi nilikuwa nimeivua nguo ya chini bila kujua.

Sasa tuangalie vile soko linajibu shida hiyo. Jibu la kwanza la soko ni wati. Ongeza wati, kijana! Kwa kusikiliza pole, jibu hilo halina msingi. Bafle ya kawaida ya nyumbani, ukiipa wati 1, inatoa karibu desibeli 86 kwa mtu mwenye kukaa mita 1 mbele yake. Ukitaka kusikiliza kwa desibeli 66, sauti ya maongezi ya watu wenye kukaribiana, unahitaji sehemu moja kwa mia ya wati. Ndiyo, 0,01. Mwenye ampli ya wati 20 na mwenye ampli ya wati 200, kwa sauti ile, wote wawili wanatumia matone. Zile wati zingine zinalala.

Na mara nyingi hazipo. Geuza sanduku lako, usome kibandiko kidogo cha nyuma, pale pa waya wa umeme. Langu mbele linasema 3000 W. Nyuma linasema linakula wati 45. Mashini haiwezi kutoa kwa muda mrefu nguvu kuliko ile inapokea ukutani, hiyo tulisoma mu fizikia ya sekondari. Zile herufi PMPO zenye kuandikwa pembeni ya wati 3000 ni namna ya kuhesabu yenye haina kanuni moja ya kuifunga. Kila mtengenezaji anaandika vile anataka. Mimi mwenye diploma nilisoma mbele, sikusoma nyuma. Nalisema ili mwingine asirudie.

Jibu la pili la soko ni kifungo cha besi: Mega Bass, X-Bass, kila mmoja na jina lake. Huyu ananikasirisha zaidi, kwa sababu nia yake inaonekana nzuri. Sikio linakosa besi, basi tunaongeza besi. Lakini kifungo hiki kwa kawaida kinaongeza kiasi kile kile, muziki ikiwa pole au ikiwa juu. Ukiwa pole, kinasaidia kidogo. Ukipandisha, sikio halihitaji tena msaada, lakini kifungo kinaendelea kusaidia. Hapo njo ndu-ndu-ndu inazaliwa. Kile mama aliniletea mlangoni si muziki yangu, ni kazi ya kifungo hicho.

Ampli za zamani zilikuwa na wazo bora. Wengi wetu tuna baba au mjomba mwenye kuwa na ampli ya Japani ya miaka ya 1970 au 1980, na mbele yake kuna kifungo kimeandikwa Loudness. Hicho kilitengenezwa juu ya vipimo vile vya Fletcher na Munson: ukishusha sauti, kinarudisha besi, na mara nyingi kidogo ya sauti nyembamba pia. Ukipandisha, kinajiondoa polepole. Wazo ni sahihi, lakini utekelezaji una tundu. Kifungo kinaangalia paka mahali mkono wako umefikisha ile ya sauti. Hakijui bafle zako zina nguvu gani wala simu yako inatuma kiasi gani. Kwa mtu mmoja kinaongeza vizuri, kwa mwingine kinazidisha. Yamaha walifanya akili zaidi: kwenye ampli zao nyingi Loudness ni kifungo cha kuzungusha. Unapandisha sauti mpaka kiwango chako cha juu cha kawaida, halafu kushusha unafanya kwa ile ya Loudness yenyewe. Kadiri inavyoshuka, inashusha zaidi sauti za katikati na kuacha besi. Kama baba yako ana moja yenye kufunikwa vumbi, usiuze kwa bei ya chuma.

Wasio na ampli ya baba, wako na simu. Ekwalaiza ya simu inatosha kufanya kazi hiyo. Mimi kwa sauti ya usiku naongeza desibeli 6 hivi pale pa hezi 60, 4 pale pa 125, katikati naacha sifuri, na juu kabisa 2. Halafu nashusha kiwango cha jumla cha ile ekwalaiza kwa desibeli 6, ili besi isije ikapasuka kabla hata haijafika ku ampli. Natunza mpangilio huo kwa jina «usiku», na mchana nauondoa. Kuuondoa ni lazima. Mwenye kuuacha na kupandisha sauti amejitengenezea Mega Bass yake mwenyewe.

Lakini kabla ya ekwalaiza kuna kitu chenye hakiombi pesa: mahali. Mu nyumba nyingi nimeona bafle ziko juu ya kabati, karibu na plafo, au zote mbili zimebanana upande mmoja wa televizyo, na wasikilizaji wamekaa mita nne. Halafu tunalia kwamba stereo haisikiki.

Kwanza, karibia. Kila ukikata umbali nusu, sauti yenye kutoka moja kwa moja ku bafle inapanda karibu desibeli 6. Kutoka mita 3 mpaka sentimita 75 umekata nusu mara mbili. Mu chumba faida haifiki 12 kamili kwa sauti yote, kwa sababu kuta nazo zinarudisha, lakini utapata sauti safi, yenye haijachanganyika na mwangwi wa sima na mabati. Jirani hapati kitu zaidi. Mezani pangu bafle mbili zina umbali wa sentimita 80 kati yao, na mimi niko sentimita 80 kutoka kila moja: pembetatu. Chini nimeweka tofali moja moja ili zile sipika ndogo za juu ziangalie masikio yangu, zisiangalie tumbo.

Pili, sogeza bafle karibu na ukuta. Hapa napingana na shauri lenye tunalisoma kila mara, eti bafle zitolewe mbali na ukuta. Shauri hilo ni la mtu mwenye saluni kubwa na mwenye kupiga kwa nguvu. Ukuta nyuma ya bafle unarudisha besi mbele. Kwa hesabu unaweza kuongeza mpaka desibeli 6 kwa sauti nene kabisa, na pembe ya chumba inaongeza zaidi. Mwenye kupiga kwa nguvu anakimbia ongezeko hilo kwa sababu linafanya muziki izito. Siye wa sauti ya pole njo tunalitafuta: ni Loudness ya bure, bila umeme. Kama bafle ina tundu nyuma, iachie nafasi ya kiganja kimoja ipumue. Pembe naiogopa kidogo, kwa sababu inaweza kuvuta noti moja ya besi na kuacha zingine; jaribu, ukisikia noti moja inapiga kelele kuliko dada zake, toka.

Tatu, tafuta nani anapiga kelele kabla yako. Shirika la Afya Duniani, mu mwongozo wake wa 1999 juu ya kelele, lilishauri chumba cha kulala usiku kisipite desibeli 30. Kwetu, na jenereta ya ng'ambo na nganda ya kona, hiyo ni ndoto. Lakini kila kelele yenye unaweza kuondoa ni sawa na kupandisha muziki bila kugusa kifungo. Ngurumo ya jenereta ni nene, na inafunika kwanza zile zile besi zenye sikio lako lilikuwa tayari linazikosa. Feni yenye kukwaruza, friji yenye kutikisa chupa, dirisha lenye kupiga: shughulikia hizo kwanza. Wenye paneli za jua na invata ya bei ndogo, tega sikio: nyingi zinaingiza mlio wa «zzz» mu ampli. Kwa sauti kubwa hausikiki, kwa sauti ya pole unakuwa mwanamuziki wa tano. Usiku mimi naendesha ampli yangu ndogo kwa betri moja kwa moja, bila kupitia invata, na mlio umekwisha.

Kuna ugonjwa mwingine wa sauti ya pole wenye watu wanadhani ni bafle imekufa. Zungusha kifungo cha ampli ya bei ndogo mpaka karibu na sifuri: mara nyingi upande mmoja unazimika kabla ya mwingine. Ndani ya kifungo kuna njia mbili, ya kushoto na ya kulia, na huko chini kabisa hazilingani. Mwimbaji mwenye alikuwa katikati anahama. Dawa: shusha simu kidogo, ili ampli uipandishe itoke ile sehemu mbaya. Usishushe sana, utaanza kusikia pumzi ya ampli. Tafuta katikati.

Na ile sanduku yangu ya 3000 W? Niliuza kwa hasara. Nikatafuta kwa fundi bafle mbili ndogo za zamani za mbao. Zilipigwa rangi vibaya, sipika ya besi ina sentimita 13 tu. Hazifiki hezi 41, hata kidogo. Lakini sikio lina neema moja: likisikia vizuri sauti za juu zenye zinafuatana na noti ya besi, zile za hezi 82, 123, 164, linajaza lenyewe ile ya chini. Ndiyo maana bafle ndogo yenye katikati safi inaweza kukuimbia mstari wote wa besi, wakati sanduku kubwa lenye katikati chafu linakupigia ndu moja tu.

Sasa nilete mezani nyimbo tatu, zote nimezisikiliza usiku mu chumba hicho hicho, kwa sauti yenye ningeweza kuongea na mtu bila kupaza koo.

Ya kwanza ni «Masanga» ya Jean Bosco Mwenda, mtoto wa Katanga hii yetu. Hugh Tracey alimrekodi Jadotville, Likasi ya leo, mwaka 1952. Mtu mmoja, gitaa moja bila umeme, vidole viwili: kidole gumba kinatembea chini, kingine kinaongea juu. Hii inashinda mtihani bila msaada wowote. Kamba nene ya gitaa ya kawaida inaanzia hezi 82, kwa hiyo haina cha kupoteza huko chini kabisa. Na hakuna ngoma yenye kuruka ghafula na kukulazimisha kushusha. Niliondoa ekwalaiza, ikabaki nzima. Kwa nguvu, kwa kweli, inakuwa mbaya: unasikia kanda kuliko gitaa.

Ya pili ni «Indépendance Cha Cha», ya Grand Kallé na African Jazz, yenye ilirekodiwa Bruxelles mwaka 1960, siku za Meza ya Duara. Tumezoea kuisikia tarehe 30 juni, mu mabafle ya manispaa, imepasuka. Kwa sauti ya pole nilisikia jambo lenye sikuwahi kulisikia: vile gitaa ya Docteur Nico inajibu waimbaji, haiwasindikizi tu. Rekodi ya wakati ule haina besi ya kina, kwa hiyo ekwalaiza yangu ya «usiku» iliongeza uzito mdogo tu, na desibeli 3 zilitosha. Kuongeza zaidi kulileta matope.

Ya tatu ni «Mario» ya Franco, ya 1985, na Madilu System. Hapa njo mtihani mgumu. Besi ni mguu wa wimbo mzima. Bila yake magitaa yanaelea. Bila ekwalaiza, kwa sauti ya pole, maneno yote yako lakini mwendo hauko, sawa na mtu mwenye kueleza ngoma bila kucheza. Nikarudisha besi, nikasogeza bafle ukutani, nikakaribia. Mguu ukarudi. Wimbo wenyewe ni maneno: mtu anamshitaki kijana mwenye kula mgongoni mwa mwanamke. Mashitaka hayo yanafaa sauti ya pole kuliko makelele ya nganda, kwa sababu pale unasikia vile Madilu anabadilisha pumzi kati ya hasira na huzuni.

Mwaka 2021 UNESCO iliandika rumba ya Kongo zote mbili katika urithi wa wanadamu. Tulishangilia, na mabafle yalipigwa. Lakini urithi wenye tunausikia paka ukiwa umepasuka, tunaujua nusu.

Kuna mwenzangu, yaya mmoja tulisoma naye, aliniambia: «Wee, muziki ya pole ni ya watu wenye kungoja mazishi. Seben inataka mwili!» Ana haki. Seben imetengenezwa kwa miguu, na desibeli 60 hazigusi kifua cha mtu. Kuna kitu chenye nilikipoteza na sitadanganya kwamba ekwalaiza imekirudisha. Mtu akitaka kucheza, aende penye watu wanacheza. Ninachokataa ni kufanya nganda kuwa kipimo cha chumba cha kulala. Na mwili una mwisho: Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asipite saa 40 kwa wiki akiwa ku desibeli 80. Mwenye kusikiliza juu ya hapo kila siku anauza masikio yake kidogo kidogo, na hayo fundi hana.

Lakini swali kubwa lilibaki: kama naongeza besi, si narudi pale pale mu mto wa mama?

Nilifanya hesabu kwanza. Sikio la jirani nalo ni sikio. Sauti ya hezi 63 yenye iko chini ya desibeli 37 hivi, mtu wa kawaida haisikii kabisa, hata chumba kikiwa kimya. Kama besi yangu mu chumba ina 65, na ukuta unakata 28, amebakiwa na 37: mpaka wenyewe. Kama inapigwa kwa 90, ukuta ule ule unamwachia 62, na hiyo ni ndu-ndu-ndu kamili. Kwa hiyo besi yenye kurudishwa kwa kipimo cha sikio si besi ya kelele. Ila nyumba zetu nyingi ukuta wa kutenga unaishia ku plafo, na juu kote ni hewa moja chini ya mabati. Hesabu haitoshi. Inabidi kuuliza mtu.

Nikamwomba mama, siku yake ya kupumzika, akae mu chumba chake na simu. Nikaweka «Mario» kwa mpangilio wa «usiku». Nikangoja dakika kumi, nikamwita.

«Mama, unasikia?»

«Nasikia nini? Anza basi, niko na nguo za kufua.»

Nikapandisha kidogo. Akasema, «Ee, sasa nasikia. Njo Franco huyo?» Nikaweka alama ya kalamu ku kifungo cha ampli, chini kidogo ya pale. Alama hiyo iko mpaka leo. Njo mpaka wa muziki yangu, na tuliuweka wawili.

Kwa mwenye kupata mshahara wa kwanza na kwenda sokoni: muuzaji atapandisha. Kati ya mashini mbili, ile yenye kupigwa juu kidogo inaonekana nzuri kila mara, na wauzaji wanajua. Mwambie ashushe mpaka muweze kuongea bila kupaza sauti. Sikiliza wimbo wenye unaujua tangu utoto, utafute mstari wa besi, utafute gitaa ya tatu. Halafu geuza mashini, usome nyuma. Kama hapo chini rumba bado inatembea, toa pesa. Kama imebaki tsi-tsi-tsi, mshukuru na uende.